Mabegina: Wito Usio na Nadhiri ya Maisha

Tusomapo historia ya Kanisa la Magharibi katika karne ya 13, twasikia sana habari za Fransisko na Dominiko. Ni nadra kusikia habari za mabegina, wanawake walei wa miji ya nchi ambazo leo ni Ubelgiji na Uholanzi, waliotaka kumfuata Kristo pasipo kuolewa wala kuingia utawani.

Mabegina hawakuwa na mwanzilishi mmoja wala kanuni moja. Waliahidi useja na utii kwa muda wote ambao wangekaa katika jumuiya. Aliyetaka kuolewa aliweza kuondoka, na mali yake ilibaki kuwa yake. Walijipatia riziki kwa kusokota sufu, kufua nguo, kuuguza wagonjwa na kufundisha wasichana. Mwaka 1216 Jacques de Vitry aliwaombea kwa Papa Honorio III ruhusa ya kuishi pamoja na kuonyana, akapewa kwa mdomo tu.

Ruhusa ya mdomo haikuwa ngao ya kutosha. Wakuu wa Kanisa waliuliza: wanawake hawa wako chini ya nani? Mwaka 1310 Marguerite Porete, aliyeitwa begina, alichomwa moto mjini Paris kwa ajili ya kitabu chake. Kisha Mtaguso wa Vienne (1311–1312) ukaipiga marufuku hali ya mabegina, na amri hiyo ikatangazwa mwaka 1317. Hata hivyo, amri hiyo hiyo ilimalizia kwa kusema kwamba haiwazuii wanawake waaminifu kuishi maisha ya toba nyumbani mwao. Jumuiya za Flanders zilidumu karne nyingi baadaye. Begina wa mwisho, Marcella Pattyn, alifariki Kortrijk mwaka 2013.

Sisi Walutheri tusiharakishe kuwahukumu wakuu wale. Luther, katika andiko lake la mwaka 1521 juu ya nadhiri za kitawa, alifundisha kwamba nadhiri haimpi mtu cheo kilicho juu ya ubatizo. Lakini Matengenezo yalipofunga nyumba nyingi za watawa, mwanamke asiyeolewa alibaki bila mahali palipotambuliwa pa kutumika, hata Theodor Fliedner alipoanzisha nyumba ya mashemasi wa kike huko Kaiserswerth mwaka 1836. Zilipita karne tatu.

Basi mchungaji amwonapo mwanamke anayetumika usharikani bila cheo, asianze na swali la Vienne, yuko chini ya nani. Na aulize kwanza: je, jirani anahudumiwa?