Asilimia Haijazi Debe

Kwetu Handeni, mbono ulikuwa ua. Mbuzi hawauli, na kaburi la babu limezungushiwa huo huo. Si ajabu wengine huuita mbono kaburi. Bibi alikaanga mbegu zake, akazitwanga, akazichemsha, kisha akaengua mafuta ya kibatari na sabuni. Kipimo chake kilikuwa chupa: debe hili litatoa chupa ngapi?

Chuoni nilikutana na kipimo kingine. Mkemia Franz von Soxhlet alikieleza mwaka 1879, akitaka kujua mafuta yaliyomo kwenye maziwa. Mbegu hukaushwa, husagwa, hupimwa uzito. Chini yake heksani huchemka. Mvuke hupanda, hupoa, hudondokea unga na kurudi chini na mafuta, tena na tena kwa saa kadhaa. Mwisho heksani hufukizwa na kinachobaki hupimwa. Kwa mbono ni kama asilimia 30 hadi 40 ya uzito wa mbegu. Bibi hakufika huko. Mengi yalibaki kwenye mashudu.

Upimaji wa mimea si mgeni kwetu. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, ng'ambo ya Korogwe. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga bahari, kituo kilitengeneza sabuni na kwinini kwa mimea ya hapa hapa. Mwaka 1916 Waingereza waliteka Korogwe, Handeni na Amani yenyewe.

Miaka ya 2000, mafuta ya petroli yalipopanda bei duniani, mbono wa ua ukawa dizeli ya kesho. Wawekezaji wakapewa ardhi Kisarawe na Kilwa. Asilimia ya maabara ilikuwa ya kweli. Kilichokosekana ni mbegu. Mbono huvumilia ukame, lakini ili uzae sana hudai maji na rutuba kama mahindi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010 miradi hiyo mikubwa ilikuwa imekwama, na vijiji vilivyotoa ardhi vilibaki vikiidai.

Maabara hujibu swali moja: katika gramu 100 za mbegu, mafuta ni gramu ngapi? Haisemi mti ulizaa kiasi gani, wala nani alilima. Siku hizi mtu akinitajia asilimia, namuuliza swali la bibi kwanza: mwaka wa ukame, mlijaza debe ngapi?