Sola Ilianzia Juu ya Paa. Swali ni, Paa la Nani?

Wasee, kuna watu bado wanadhani sola ni ya ushago, ati mjini tuna stima tayari. Historia inasema vingine. Mwaka 1884, mvumbuzi Mmarekani Charles Fritts aliweka paneli juu ya paa la jengo New York. Zilibadilisha kama asilimia 1 tu ya mwanga kuwa stima, lakini mahali alipatia.

Kwetu ilianza kinyume. Mwaka 1984, shule ya Karamugi upande wa Meru iliwekewa taa za sola, manake nguzo za stima zilikuwa mbali. Kutoka hapo sola ikajulikana kama kitu cha mashambani.

Nairobi ilikuja kuamka baadaye. 2011, ofisi mpya za Umoja wa Mataifa pale Gigiri zikafunguliwa na paneli juu ya paa. 2014, Strathmore ikaweka kilowati 600 kwenye mapaa yake. 2015, Garden City pale Thika Road ikaziweka juu ya maegesho: magari yakapata kivuli, mall ikapata stima.

Sasa angalia hizo tatu. Mwenye paa ndiye mwenye bili. Hapo ndipo fleti zetu zinakwama. Ukiishi Pipeline, paa ni la landilodi, tokeni unanunua wewe. Yeye anunue paneli za nini? Na wewe ukinunua, siku ya kuhama utazing'oa?

Kuna atakayesema basi tuweke ukutani ama kwenye balkoni. Ulaya sawa, jua lao hukaa chini. Sisi tuko karibu na Ikweta, jua la saa sita liko utosini, ukuta unaonja tu. Halafu fleti ya jirani iko hatua mbili kutoka dirishani. Kivuli kikilalia paneli moja, hata zile zilizounganishwa nayo zinaweza kushuka nguvu. Kwa hivyo mahali ni palepale pa Fritts: juu kabisa, kando ya tenki na kamba za nguo.

Tuanze na bili iliyo kwa jina la landilodi mwenyewe: pampu ya maji na taa za ngazi. Paa lake, bili yake, hana sababu ya kukataa. Akishaona hesabu, hapo ndipo wapangaji waketi naye waongee kuhusu stima ya nyumba zao. Jua halijawahi kuwa shida hapa. Shida ni makubaliano.