Kicheko Chenye Deni

Washington wanasiasa hukaa mezani, wakachekwa usoni, na mapato ya usiku huo yakawalipia ada wanafunzi wa uandishi wa habari. Hafla hiyo ya waandishi wanaoripoti Ikulu ya Marekani ilianza mwaka 1921. Anayedhani Tanzania haina kitu cha namna hiyo hajatazama njia ya zamani ya misafara, iliyovuka mto Malagarasi kabla haujamwaga maji yake ziwani karibu na Ilagala. Njia hiyo ilikuwa na utani, na utani haukuanza kama mzaha: ulikuwa kwanza ahadi ya kusaidiana, na ruhusa ya kuchekana ndiyo iliyokuwa malipo yake.

Chumvi ya Uvinza, kwenye njia hiyo, imechemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, kama uchimbuzi wa miaka ya 1960 ulivyobaini, na iliwavuta watu wa makabila mengi, huku watemi wakitoza ushuru. Burton na Speke nao walilipa hongo mwaka 1858 ndipo wakavushwa kwenda Ujiji. Kwenye njia kama hii mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu asiye na ndugu. Akiugua, nani ampe uji? Akifa, nani amzike? Mtani. R. E. Moreau, aliyeandika juu ya utani mwaka 1941, alielezwa sana habari za vita: makabila yaliyopigana yakapatana. Sina sababu ya kubisha, ila vita pekee havielezi kwa nini mapatano yalihitaji jembe. Maana kwa Wazaramo na Waluguru mtani ndiye aliyeshika kazi za msibani. Alichimba kaburi, akavaa nguo za marehemu, akaigiza mwendo wake na kikohozi chake mbele ya wafiwa, kisha akajilaza kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Ubahili wa marehemu ulitajwa hadharani, na aliyekasirika ndiye aliyeonekana hana adabu.

Utasema huo ni mzaha wa kabila kwa kabila, haumgusi mkubwa. Lakini mkubwa naye hufa, na jumbe alikuwa na watani kama mkulima. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba wanasiasa wa leo huutumia utani kama kichaka: hutukana kabila la watu jukwaani, kisha husema wanataniana. Ni kweli, na hapo ndipo deni linapoonekana kwa kukosekana kwake. Anayetania bila kuwajibika kuzika hajatania, amedharau. Upande wa pili nao ni hivyohivyo. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kuicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Hapo utani haukutambuliwa, basi polisi wakaingia pale ambapo zamani angeingia mzee wa kusuluhisha. Ndiyo maana siamini kwamba hafla ya tiketi, ukumbi na kipaza sauti kama ya Washington ingeota mizizi Kigoma, kwenye njia ileile ya misafara. Kingefaa zaidi kile kilichopo: mbunge akabidhiwe kwa watani wa kabila lake, wamseme mpaka wachoke, na faini ya utani, ambayo zamani ilikuwa kuku au shilingi, ailipe kama ada ya shule.