Katuruka
Katuruka ni kijiji cha Wahaya katika Wilaya ya Bukoba, kusini mwa mji wa Bukoba, karibu na Ziwa Viktoria. Wazee husimulia kuwa hapo palikuwa na makao ya mfalme Rugomora Mahe wa karne ya 17, aliyeagiza mnara wa chuma wa kufika mbinguni, na kwamba wahunzi walifanya kazi kwenye mti mtakatifu wa Kaiija. Masimulizi hayo yasipuuzwe. Ndiyo yaliyomwongoza mwanaakiolojia Peter Schmidt kuchimba mwaka 1970, akakuta mavi ya chuma, makaa na vyungu vya kale vya aina ya Urewe.

Makaa hayo yalipopimwa umri, baadhi ya tarehe ziliangukia kabla ya Kristo. Wapo wanaozipinga, wakisema kwamba makaa ya miti mikongwe huongeza umri wa tanuri la chuma. Kweli, tarehe hizo zina utata. Lakini hata zikiachwa, uyeyushaji wa chuma hapo unabaki kumtangulia Rugomora kwa karne nyingi. Je, masimulizi yalikosea? Katika tarehe, ndiyo. Mahali yalipalenga barabara, na mchimbaji anahitaji mahali kwanza. Leo wanakijiji wamepafanya kituo cha urithi.