Kipunji: Jina la Kigiriki Lilibadilika, la Kinyakyusa Likabaki

Ukitoka Mbeya mjini kwenda Tukuyu, ukishapita Uyole, mlima Rungwe utauona kushoto kwako. Kwenye misitu yake anaishi kima wa kahawia, mwenye mkia mrefu na kishungi kichwani. Wanyakyusa wanamwita kipunji. Wanasayansi wanamwita Rungwecebus kipunji. Hebu tulichambue jina hilo.

"Cebus" ni umbo la Kilatini la neno la Kigiriki kebos. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Aristotle aliandika kuwa kebos ni kima mwenye mkia, tofauti na pithekos asiye nao. Sasa jiulize: Ugiriki haina kima wa asili, neno walilipata wapi? Kimisri cha kale kilikuwa na neno gif, yaani tumbili, na wanaisimu wengi wanaliunganisha na kebos. Kumbe neno lenyewe lilitoka huku huku Afrika!

Mwanzoni mwa 2003, watafiti wa timu ya Tim Davenport walisikia habari za kipunji kutoka kwa wawindaji wa Rungwe. Hawakuamini haraka, maana katika masimulizi ya Wanyakyusa wanyama wa kweli na wa mizimu huchanganyika. Mwaka huohuo wakamwona. Mwaka 2004 timu nyingine, ya Trevor Jones, ikamkuta kwenye msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, upande wa Iringa, kama kilomita 350 kutoka Rungwe.

Mwaka 2005 timu zote mbili zikamtangaza kwa pamoja: Lophocebus kipunji. Lophos ni kishungi, kwa hiyo "kima mwenye kishungi". Lakini jina hilo lilitokana na kumtazama tu na kumpiga picha. Baadaye mwaka huohuo dume mmoja akafia kwenye mtego wa mkulima huko Rungwe. Vinasaba vyake vikaonyesha kuwa yuko karibu zaidi na nyani kuliko na kundi la Lophocebus. Basi mwaka 2006 akaundiwa jenasi yake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923.

Umeona kilichobaki? Kwa kanuni za kuwapa wanyama majina, jenasi hubadilika ushahidi ukibadilika, ila jina la spishi lililotangulia kutangazwa hubaki. Kigiriki cha kwanza kilifutwa. Neno la wawindaji halikuguswa.

Iringa nako kuna mifano. Mwaka 2008 alitangazwa sengi mkubwa wa Udzungwa, Rhynchocyon udzungwensis. Rhynchos ni pua au mdomo uliochongoka, kyon ni mbwa. Mbwa? Kwa ukoo sengi yuko karibu na tembo kuliko mbwa. Kuna pia Xenoperdix, kutoka xenos, mgeni, na perdix, kware. Watafiti walimgundua 1991 baada ya kuona miguu yake kwenye sufuria ya kambini. Mgeni kwa nani sasa? Kwa aliyemnasa, huyo alikuwa mboga.

Kwa hiyo ukikutana na jina la Kigiriki darasani, usilikariri tu. Linakwambia aliyelitunga alidhani ameona nini, na pengine alikosea.

Hesabu iliyochapishwa 2008 ilikadiria kipunji 1,117 tu, katika misitu iliyokatwa vipande vipande kwa mbao, mkaa na mashamba. Kanuni zitalitunza jina kipunji hata kima mwenyewe akiisha. Na yako mengine yasiyoandikwa popote. Ukirudi nyumbani likizo, kaa na babu aliyewahi kuwinda, muulize wanyama wa msituni anawaitaje, kisha andika. Watafiti wa Rungwe walianzia hapo hapo.