Eugene Goldwasser, mtafiti wa homoni ya figo inayozalisha damu

Upungufu wa damu hausababishwi na malaria au lishe duni pekee. Figo zikidhoofika, damu nayo hupungua. Kwa wakaazi wa bonde la Bugarama wilayani Rusizi, ambako malaria inafahamika sana, ni vyema figo nazo zikumbukwe.

Mwaka 1957, Eugene Goldwasser na Leon Jacobson wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walionyesha kwamba figo ndizo chanzo cha erithropoietini, homoni inayouchochea uboho wa mifupa kutengeneza seli nyekundu za damu. Mwaka 1977, Goldwasser akishirikiana na Takaji Miyake wa Japani aliitenga homoni hiyo kutoka lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa wa upungufu wa damu. Zilipatikana miligramu chache tu.

Kazi hiyo ilizaa dawa ya sindano, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989. Imewapunguzia wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine haja ya kuongezewa damu mara kwa mara. Hata hivyo, haiponyi figo, na ikizidi yaweza kusababisha kiharusi. Hivyo, hutumiwa kwa vipimo na uangalizi wa daktari.

Goldwasser alifariki dunia mwaka 2010.