Ramani Yenye Giza: Waazteki wa Kompyuta na Wabarbaig wa Hanang

Baadhi ya wanafunzi wangu wanamfahamu Montezuma kuliko wanavyomfahamu kiongozi yeyote wa Tanganyika ya karne ya 19. Hawakumsoma darasani. Walikutana naye katika michezo ya kompyuta ya mikakati ya kihistoria, ile ambayo mchezaji huchagua taifa, hupewa watu wachache na kipande cha ardhi, kisha hujenga, hukusanya mali, huvumbua silaha na kupigana hadi awashinde wenzake. Sidharau michezo hii, kwa kuwa imewafikishia vijana habari za Mexico ambazo mitaala yetu haizigusi. Lakini kila mchezo una kanuni zake, na kanuni hizo ni nadharia ya historia iliyovikwa vazi la burudani. Nataka tuihoji nadharia hiyo kwa kuipeleka mahali ambapo michezo yenyewe haijafika: wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara.

Tuanze na Waazteki. Mwaka 1991, mchezo wa Civilization wa Sid Meier ulipotoka, Waazteki walikuwa miongoni mwa mataifa ya kuchagua, wakiongozwa na Montezuma. Afrika iliwakilishwa na Wamisri na Wazulu. Mwaka 2000 ikaja The Conquerors, nyongeza ya Age of Empires II, iliyowaingiza Waazteki pamoja na Wamaya, Wahispania, Wahun na Wakorea. Ni haki kusema kwamba waundaji walijitahidi. Waazteki wao hawana zizi la farasi wala silaha za baruti, kwa sababu kabla ya Wahispania hapakuwa na farasi wala baruti Mexico. Badala yake wana askari wa miguu wenye mbio, wanaoitwa askari wa tai. Mchezaji anayewachagua analazimika kufikiri kwa namna nyingine. Hilo ni somo jema.

Hata hivyo, mambo mawili yanapotea. La kwanza ni jina. Watu waliojenga Tenochtitlan, mji ambao kwa mapokeo ulianzishwa mwaka 1325, walijiita Mexica. Jina la Waazteki lilienezwa na waandishi wa karne ya 19. La pili ni zito zaidi. Katika mchezo kila taifa lina rangi yake, na vita ni vya rangi moja dhidi ya nyingine. Tenochtitlan ilipoanguka tarehe 13 Agosti 1521, jeshi lililouzingira mji lilikuwa na Wahispania mamia kadhaa, na pamoja nao maelfu kwa maelfu ya wapiganaji wenyeji, hususan wa Tlaxcala, waliokuwa na visa vyao na watawala wa Mexica. Ndui nayo ilikuwa imekwisha kuua watu wengi tangu mwaka 1520. Anayeisimulia historia hii kama pambano la Cortés na Montezuma amewafuta wengi walioamua matokeo yake.

Sasa tuje nyumbani. Tuseme mchezaji anafungua ramani ya dunia na kuanza kusogea kutoka Ziwa Manyara kuelekea kusini-magharibi. Atakuta nini? Katika Civilization ya mwanzo, watu wasio na dola walionekana kwa namna mbili. Walikuwa vijiji vidogo vilivyotawanyika porini, ambavyo ukiviingia hukupa dhahabu, au ujuzi, au askari, kisha hutoweka kwenye ramani. Au walikuwa washenzi, wanaotokea ghafla kushambulia miji, wasio na historia wala mazungumzo. Namna ya tatu haikuwapo. Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe wangekuwa ama vibanda vya kuokotea zawadi, ama washenzi wa kufyekwa.

Historia yao inasema mengine. Wairaqw, wanaozungumza lugha ya Kikushi, wanaitambua Irqwar Da'aw, nyanda za juu karibu na mji wa Mbulu, kuwa kitovu cha nchi yao. Huko walijenga kilimo cha hali ya juu: mbolea ya ng'ombe wanaofungiwa nyumbani, matuta ya kuzuia mmomonyoko, mifereji katika mabonde. Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, upande wa Monduli, yapo magofu ya Engaruka, mashamba ya umwagiliaji yaliyojengwa kwa mawe kati ya karne ya 15 na ya 18, ambayo baadhi ya wanahistoria wameyahusisha na mababu wa Wairaqw. Kwa maneno mengine, wakati Mexica wakitengeneza bustani zao juu ya maji ya ziwa Texcoco, huku kwetu pia watu walikuwa wakiyaongoza maji kwa hesabu na kwa ushirikiano.

Yote hayo yalifanyika bila mfalme. Nchi ya Wairaqw iligawanyika katika maeneo yenye mipaka, kila moja likiitwa aya, na mipaka hiyo ililindwa kwa makubaliano ya wazee na kwa matambiko. Mamlaka ya waganga wa mvua wa ukoo wa Manda yalikuwa ya kushauri na kutakasa, hayakuwa ya kutoza kodi wala kuamuru jeshi. Kwa muda mrefu wataalamu walieleza kilimo hicho kwa hoja ya kuzingirwa: kwamba Wairaqw walibanwa mlimani na mashambulizi ya Wamasai, wakalazimika kulima kwa nguvu eneo dogo. Hiyo ni hoja ambayo mchezaji yeyote wa mikakati angeielewa mara moja. Mwaka 2004 mtafiti Lowe Börjeson aliipinga katika kazi yake juu ya nyanda za Mbulu, akionyesha kwamba ardhi iliboreshwa polepole, kwa kazi ya kila siku ya vizazi, bila kuhitaji adui mlangoni. Nadhani tofauti ya maelezo hayo mawili ni kubwa. La kwanza linamwona mkulima kama askari aliyejificha. La pili linamwona kama mkulima.

Wadatoga, na miongoni mwao Wabarbaig wa Hanang, wameonewa zaidi na majina. Wengi wetu tumezoea kuwaita Wamang'ati, neno linalotokana na Kimasai na lenye maana ya adui. Tafakari jambo hilo: jamii nzima inaandikwa katika taarifa za kiserikali kwa jina la upande wa pili wa vita. Wamasai waliwaondoa Ngorongoro katika karne ya 19, lakini makaburi ya wazee wa Kidatoga yamebaki huko, na yanaheshimiwa hadi leo. Mtafiti George Klima, aliyeishi na Wabarbaig, aliandika juu ya mabaraza yao, likiwemo baraza la wanawake lililokuwa na uwezo wa kumhukumu mwanamume aliyevunja heshima ya wanawake na kumtoza faini ya ng'ombe. Taasisi kama hiyo haina kitufe katika mchezo wowote niujuao.

Wala mpaka kati ya Wairaqw na Wadatoga haukuwa wa rangi mbili. Walipigana, walioana, walibadilishana nafaka na mifugo. Ziko koo za Kiiraqw zenye asili ya Kidatoga, na nabii wa Kidatoga, Saigilo, alisikilizwa na pande zote mbili. Hata katika siasa za uhuru Mbulu ilikataa kupakwa rangi moja: katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na kiti kimoja ilichokosa kilikuwa cha Mbulu, alikochaguliwa Herman Elias Sarwatt.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini mhadhiri ajishughulishe na kasoro za michezo ya vijana? Jibu langu ni kwamba kanuni za mchezo huo zimewahi kutumika Hanang, na waliozitumia walikuwa watu wazima wenye ofisi, mihuri na trekta.

Katika michezo hii ramani huanza ikiwa na giza. Mahali ambapo mchezaji hajafika hapaonekani, na mahali ambapo hakuna mji hapana mwenyewe. Anayetangulia kujenga ndiye mmiliki. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza, lakini walikusudia kutuonya, hawakukusudia kutupa leseni. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali yetu, kwa msaada wa Kanada, iliitazama tambarare ya Basotu kwa jicho la mchezaji. Palionekana pana, penye rutuba, pasipo na nyumba nyingi. Shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO, likaanzisha mashamba makubwa ya ngano ambayo hatimaye yalifikia ekari zipatazo 100,000. Nchi changa ilihitaji mkate, na nia ya kujitosheleza kwa chakula haikuwa mbaya.

Lakini pale hapakuwa patupu. Wabarbaig waliiita ardhi hiyo muhajega, na katika mzunguko wao wa malisho ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Charles Lane, aliyechunguza suala hili kwa kina, alieleza jinsi mifugo ilivyohamishwa kati ya aina mbalimbali za malisho kulingana na msimu, kila aina ikipumzishwa wakati nyingine inatumika. Afisa aliyefika wakati wa kupumzishwa aliona nyasi bila ng'ombe akaandika kwamba ardhi haitumiki. Ni sawa na kuingia shambani baada ya mavuno na kutangaza kwamba mwenye shamba amelitelekeza. Sehemu iliyochukuliwa ilikuwa ndogo ikilinganishwa na wilaya nzima, ila ilikuwa sehemu ambayo zile nyingine ziliitegemea. Njia za mifugo zikafungwa, na makaburi ya wazee, ambayo kwa Wadatoga ni alama za ukoo na za haki juu ya nchi, yakapitiwa na majembe ya trekta.

Wananchi walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi wanakijiji wa Mulbadaw dhidi ya NAFCO. Mahakama ya Rufani ikautengua, ikisema pamoja na mengine kwamba kijiji hakikuthibitisha kugawiwa ardhi hiyo kwa utaratibu wa sheria. Kisha mwaka 1987 serikali ikatoa amri, Tangazo la Serikali Na. 88, ya kufuta haki za kimila za ardhi katika vijiji husika. Katika Civilization kijiji hutoweka mchezaji anapokikanyaga. Hanang kilichotoweka ni haki ya watu, na kilichoikanyaga ni kipande cha karatasi.

Je, giza hilo limeondoka? Tume ya Rais ya masuala ya ardhi iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyoteuliwa mwaka 1991, ilieleza wazi udhaifu wa umiliki wa wanavijiji. Zikaja sheria mbili za mwaka 1999. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inalinda haki za kimila, na hiyo ni hatua ya kweli. Lakini Sheria ya Ardhi, Na. 4, inapotafsiri ardhi ya jumla inajumuisha pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Ndugu msomaji, soma tena maneno hayo ukiwa umesimama kwenye malisho yaliyopumzishwa. Nani ataamua kwamba hayatumiki? Atafika mwezi gani? Atamuuliza nani?

Upo mfano unaoonyesha kwamba ramani inaweza kuchorwa vingine. Mwaka 2011, katika bonde la Yaeda wilayani Mbulu, Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya, walipata hati ya haki miliki ya kimila kwa pamoja, kama jamii, juu ya ardhi yao. Hawakulazimika kulima wala kujenga mji ili watambuliwe. Waliotumia nchi bila kuibadilisha walihesabiwa kuwa wanaitumia. Watumishi wa wilaya wanaoandaa mipango ya matumizi ya ardhi wanao huo mfano mezani. Kazi iliyobaki ni kuwapa wafugaji heshima ileile, kwa kuandika malisho ya msimu na njia za mifugo ndani ya mpango kabla mwekezaji hajaja.

Vijana wenye ujuzi wa programu wameniambia wanatamani kuunda mchezo wetu wenyewe, ambamo Wadatoga na Wairaqw watakuwa mataifa ya kuchagua. Nawaunga mkono, kwa sharti moja. Msiwape tu mikuki na wimbo wa kienyeji, kisha mkawaachia kanuni zilezile. Badilisheni maana ya ushindi. Mchezaji wa Kibarbaig ashinde ikiwa baada ya misimu 50 nyasi za muhajega bado zipo, makaburi yamesimama, na jirani Mwiraqw bado anauza mahindi mnadani. Na mkisha kuuandika, uwekeni kwanza kwenye kompyuta za ofisi za ardhi.